Hamsta anapozaa, mikono iwe mbali

Hamsta, yule mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, anapojifungua, mwenye nyumba hana kazi yoyote usiku ule, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Wanaonitafuta siku hizi, wengine hapa Uingereza, wengine wakiwa nyumbani Dar na Nairobi, huniuliza swali lile lile kwa njia mbalimbali: nimsaidieje? Wanataka kujua wampe nini, wamshike vipi, wawafunike watoto kwa kitambaa gani. Mimi huwaambia wafanye maandalizi yote kabla, kisha waondoe mikono.

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo mzazi haachwi peke yake. Mwanamke akijifungua hujaa watu: yupo wa kumkanda kwa maji ya moto, yupo wa kumpikia uji wa pilipili manga, yupo wa kumpokea mtoto ili mama apate usingizi, mpaka arobaini itimie. Kwa hiyo tulipojikuta na hamsta mwenye mimba sebuleni kwetu, hapa Reading, mwili wangu wote ulitaka kufanya kazi niliyofundishwa. Hamsta wa Syria hataki hata moja katika hayo. Kwao, katika mashamba ya kaskazini mwa Syria na kusini mwa Uturuki, kila mmoja ana shimo lake, na mwenzake akikaribia, isipokuwa kwa saa chache za kupandana, ni adui. Mama wa namna hiyo akiona mikono juu ya kiota chake haoni msaada hata kidogo.

Tende, hamsta wa binti yangu, alitoka dukani. Tulipewa jina hilo la kumwita na rangi yake ya kahawia ya dhahabu. Hatukuambiwa kwamba kule alikolelewa madume na majike walikaa kizimba kimoja kupita umri unaofaa. Hamsta jike huweza kushika mimba akiwa na wiki 4 au 5 tu, kabla hajamaliza kukua mwenyewe. Ndugu wa uzao mmoja wakichelewa kutenganishwa, kaka humpanda dada, na mnunuzi hubeba kizimba kwenda nyumbani akidhani amechukua mnyama mmoja. Tangu siku hiyo nimewasikia wengi yakiwapata haya haya.

Mimba ya hamsta wa Syria huchukua siku 16 hivi, mara chache 17 au 18. Ni miongoni mwa mimba fupi kabisa za wanyama wanaolea watoto kwa kondo la nyuma. Sungura huchukua mwezi mzima. Simbilisi, ambao ndugu zetu wa Iringa na Njombe wanawajua vizuri, hukaa na mimba zaidi ya miezi miwili, na mtoto wake huzaliwa ana manyoya, macho wazi, na siku ya pili yake anatafuna jani. Mtoto wa hamsta hutoka mbichi kabisa: mwekundu, kipofu, hana unywele, uzito wake gramu 2 au 3. Alichokamilisha ni meno tu, maana huzaliwa ameshaota meno ya mbele. Yote ambayo mtoto wa simbilisi huyamalizia tumboni, huyu huja kuyamalizia kiotani. Ndiyo maana kiota chenyewe ni sehemu ya mimba, na kukifunua ni jambo zito.

Katika siku 10 za mwanzo huoni kitu. Baada ya hapo mambo huja kwa haraka: mbavu za nyuma zinapanuka, chuchu zinajitokeza kwenye manyoya ya tumboni, na mama anaanza kuhamisha chakula na karatasi usiku kucha kama mwenye safari. Tulipomwona Tende hivyo, daktari wa wanyama alimtazama bila kumbonyeza sana tumbo, akatwambia zimebaki siku chache. Tulisafisha kizimba chote siku ile, kwa sababu nafasi nyingine ya kukisafisha isingekuja mpaka watoto wawe na wiki mbili. Tukajaza maranda mengi, tukamwekea karatasi laini nyeupe za chooni zisizo na manukato, zimechanwa vipande, naye akazibeba zote mashavuni. Pamba na zile nyuzi laini zinazouzwa madukani kama matandiko ya hamsta sizitumii. Nyuzi hujisokota kwenye mguu wa mtoto na kuukata damu. Gurudumu la kukimbilia tuliliondoa kwa muda. Kizimba kikahamia kona ya mbali na televisheni, nusu yake ikafunikwa kwa kanga kuukuu, na marafiki wa binti yangu wakaambiwa hakuna kumtembelea.

Chakula kiliongezwa. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha anahitaji protini, basi tulimpa yai la kuchemsha lisilo na chumvi, kipande kidogo cha nyama nyeupe ya kuku, na mbegu zake za kawaida kwa wingi. Maji yasikatike hata saa moja. Kuishiwa maji katika siku zile kunaweza kugharimu uzao mzima.

Tulijua amezaa kwa sauti. Ilikuwa usiku, vilio vyembamba sana kutoka chini ya maranda, na Tende akitoka kunywa maji na kurudi. Hatukufunua. Hatukuhesabu. Binti yangu alikaa sakafuni mbali na kizimba amejikunja, mikono katikati ya magoti, na mimi nilimpenda sana kwa kuweza kujizuia hivyo.

Kesho yake nilimpigia mama simu Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mzazi wenu hajambo?"

"Hajambo. Ila hatumgusi, wala hatuchungulii."

"Na anakandwa na nani?"

Nilimweleza kwamba hamsta akichunguliwa anaweza kuwaua watoto wake. Mama alinyamaza, kisha akanikumbusha paka wetu wa zamani aliyehamisha watoto wake kila tulipowagundua, mpaka akawafikisha darini kwa jirani. Lakini jambo moja hakuliachia: "Sawa, msimguse. Uji je, apate?" Na uji alipata. Shayiri iliyopondwa, imepikwa kwa maji matupu, bila sukari, bila maziwa, kijiko kimoja kimepoa kabisa, kikawekwa mbali na kiota. Aliula wote. Mpaka leo kila jike wangu anayenyonyesha hupata uji ule, na watoto wakianza kutambaa nao huujia.

Baadaye vilio vilipungua. Binti yangu ndiye aliyemwona Tende na kitu mdomoni ambacho hakikuwa karatasi.

Hapa nataka kwenda polepole, kwa kuwa ndipo watu wengi huacha kumpenda mnyama wao, na hawapaswi. Hamsta hula watoto wake kwa sababu zaidi ya moja. Wapo wanaokula kwa hofu: kizimba kimehamishwa, mtu ameingiza mkono, harufu ngeni imeshika kiotani, mbwa anabweka sebuleni. Wapo wanaokula kwa njaa au kiu. Mama mdogo mno, au wa uzao wa kwanza, huweza kuchanganyikiwa. Mtoto aliyekufa au dhaifu hulika karibu kila mara, na hilo husafisha kiota. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haina kasoro yoyote ndani yake: hamsta huupunguza uzao wake. Uzao wa kawaida ni watoto 6 hadi 12, na wakati mwingine huzidi hapo. Watafiti waliojaribu kuongeza watoto katika kiota siku za mwanzo waliona mama akila wengi zaidi, na walipowapunguza yeye akala wachache. Anabakiza wale ambao maziwa na nguvu zake zinawatosha. Hilo ni sehemu ya malezi yake.

Nilimwambia binti yangu hivyo, kwa maneno mepesi zaidi, naye alilia. Sikumkataza. Akauliza kama Tende ni mbaya. Nikamwambia historia ya hamsta wa kwanza waliofugwa, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia hapo hapo.

Mwaka 1930, mwezi wa Aprili, mtaalamu wa wanyama aitwaye Israel Aharoni alikwenda karibu na Aleppo kutafuta hamsta wa rangi ya dhahabu. Kwa msaada wa shehe wa kijiji alipata watu wa kuchimba shamba la ngano, wakashuka mpaka wakafikia kiota: mama na watoto wake. Walitiwa wote ndani ya sanduku. Yule mama, ameng'olewa shimoni kwake na kuzungukwa na watu, alimgeukia mtoto aliyekuwa karibu naye akamwua. Wakamwua mama ili kuwaokoa waliobaki, na Aharoni na mkewe wakawalea kwa kuwatilia maziwa ya matone. Wengine walitoroka, wengine waliuana, wachache wakafika kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, na hao wachache wakazaliana. Hamsta wa Syria wanaofugwa duniani leo, karibu wote, chimbuko lao ni kiota kile. Uingereza walifika mwaka 1931. Kule kwao porini hivi sasa wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mashamba yanalimwa juu ya mashimo yao.

Binti yangu alifikiri sana, akasema: basi yule mama angeachwa shimoni asingemwua. Sikuwa na la kuongeza.

Wiki ya kwanza ikapita tukiweka chakula na kuondoka. Kuanzia wiki ya pili, aliyevumilia hulipwa. Manyoya yameota, rangi zinaonekana, na kati ya siku ya 7 na ya 10 watoto hutoka kiotani kutafuta chakula macho yakiwa bado yamefumba. Hutambaa kwa tumbo, hugonga ukuta wa kizimba, hukutana na kipande cha tango na kukishikilia kwa mikono miwili. Tende alikuwa akiwakusanya mmoja mmoja, akiwashika shingoni, na kelele ikitokea mlangoni aliwatia ndani ya vifuko vya mashavu akakimbia nao kiotani, akawatema, akarudi kwa wengine. Mtu asiyejua huona mtoto anaingia mdomoni na kupiga ukelele. Usimwingilie. Mtoto akibaki nje ya kiota, mpe mama muda. Karibu kila mara humfuata. Ikiwa amepoa na mama hashughuliki, msogeze kwa kijiko ulichokipaka kwanza maranda ya kiota kile kile, usitumie vidole vitupu.

Macho hufunguka siku ya 14 au 15, na hapo ndipo tulipoanza kuwashika, kidogo kidogo, Tende akiwa ametolewa kando na kupewa kitu cha kula. Hamsta anayezoeshwa mkono wa mtu katika wiki ile ya tatu hukua mpole. Chupa ya maji iteremshwe wafikie. Kufikia wiki ya tatu na siku chache wameacha kunyonya, na mama ameanza kuwachoka: huwakimbia, hulala juu ya kibanda chake peke yake. Mwondoe apumzike. Amepungua uzito sana, manyoya yamekuwa mepesi, anastahili kizimba kitulivu na chakula kizuri.

Sasa ndipo kazi halisi ya mwenye nyumba inapofika, na haihusiani tena na upole. Ni hesabu. Kufikia siku ya 28 madume na majike wawe mbalimbali, bila kusubiri kesho. Kuwatambua si kugumu ukiwalinganisha wawili kwa pamoja: kwa jike tundu mbili za nyuma ziko karibu sana, na mistari miwili ya chuchu inaonekana, kwa dume zimeachana, na wiki ya nne korodani hujitokeza kiasi kwamba mgongo wake wa nyuma unakuwa mrefu. Baada ya hapo, kati ya wiki ya 6 na ya 8, hata ndugu wa jinsia moja wataanza kupigana. Mapigano ya hamsta wa Syria huishia kwenye damu, na wakati mwingine kifo, usiku mmoja tu. Kwa hiyo uzao wa watoto 8 maana yake ni vizimba 8, vyenye upana wa maana. Mimi hushikilia urefu wa mita moja na upana wa nusu mita kwa kila mmoja, na sikubali kumtoa hamsta kwa mtu mwenye kile kizimba kidogo cha rangi rangi.

Tulitafuta makazi kwa wiki nyingi. Watu walio tayari kupokea mtoto mzuri mwenye masharubu ni wengi. Walio tayari kukinunua kizimba kwanza ni wachache. Wazazi wawili wa shuleni walikubali, mwenzangu wa kazini akachukua mmoja, familia ya Kikenya jirani yetu ikachukua dume mweusi, nasi tukabaki na wawili. Nilikwenda kwa kila mmoja kuangalia. Wapo walioona ninazidisha. Ninaamini mtu aliyesababisha mnyama azaliwe, au aliyeketi naye chumba kimoja akizaliwa, ana deni naye, na deni hilo halilipwi kwa kumkabidhi yeyote anayenyoosha mkono. Asiyejua watoto wake wa mwisho wawili watalala wapi asiwakutanishe dume na jike.

Mimi niliwakutanisha, baadaye, kwa makusudi, lakini jike alikuwa mwingine, niliyempata kwa mfugaji mzoefu aliyekuwa na kumbukumbu za wazazi na mababu. Kumbukumbu hizo si mapambo. Kuna rangi moja nzuri sana, manyoya meupe yaliyochanganyika na rangi, na nyingine ya tumbo jeupe, ambazo zote zinatokana na jeni ile ile ya urithi. Ukipandisha wawili walio nayo, baadhi ya watoto huzaliwa weupe wasio na macho kabisa. Hamsta wa dukani asiyejulikana ukoo anaweza kuibeba bila kuonekana vizuri kwa jicho la mtu asiyezoea. Tende, kwa sababu hiyo, hakuzaa tena kwetu. Umri nao una kanuni: mimi husubiri jike afike miezi 4 hivi, na kama hajazaa hadi miezi 6 au 7 huliacha jambo hilo, kwa kuwa uzazi wa kwanza uzeeni humtesa. Mnyama anayeishi miaka 2 au 3 huzeeka mapema.

Hamsta jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 4, jioni giza linapoanza. Asubuhi baada ya joto utamwona ana ute mzito mweupe wenye harufu kali nyuma. Watu hukimbia naye kwa daktari wakidhani ana ugonjwa, na huo ni mzunguko wake wa kawaida. Ukiuhesabu, utajua jioni gani. Ute ukija siku zote, au ukiwa na usaha au damu, hapo ndipo pa kukimbia, maana maambukizi ya mfuko wa uzazi huua. Jioni ikifika, jike hupelekwa mahali pasipo pake, kwa sababu dume akiingia kizimbani mwa jike atashambuliwa; jike ni mkubwa kuliko dume na hana subira. Nilivaa glavu nene na kushika kipande cha mbao cha kuwatenganisha. Asipokuwa tayari utajua mara moja: meno, kelele, manyoya hewani, watenge. Akiwa tayari husimama kimya kabisa, miguu imekaza, mkia juu, na hatikisiki hata ukigonga meza. Dakika 20 au 30 zinatosha, kisha kila mmoja anarudi kwake, na dume hamwoni tena wala hatakiwi kuwaona watoto.

Hamsta wadogo, wale wa jamii ya Campbell, Dzungaria na Roborovski, wana mambo yao. Mimba huchukua siku 18 hadi 22 kulingana na aina. Dume wa Campbell amewahi kuonwa akimsaidia jike kuzaa, akimvuta mtoto na kumlamba mpaka apumue, na analala nao kiotani. Ni jambo la kupendeza mno, nami natamani kuliona. Lakini jike wa jamii hiyo huingia kwenye joto saa chache tu baada ya kuzaa, na dume akiwepo, mimba ya pili inaanza siku ile ile huku wa kwanza wananyonya. Halafu Campbell na Dzungaria huuzwa kwa jina moja na wamechanganywa sana, na machotara wao wana matatizo ya kiafya, kisukari kikiwemo. Kwa hiyo anayeniandikia kwamba ana wawili kizimba kimoja, hajui ni jamii ipi, na mmoja tumbo limepanuka, humwomba jambo moja kabla ya mengine yote: leo hii, kabla ya usiku, atafute kizimba cha pili amtoe dume.